Jinsi ya kubuni sauti za lugha ya mababu: mwongozo kamili kwa watunzi wa hadithi na magemu

Watu wengi wanaobuni lugha kwa ajili ya hadithi au gemu wanabuni moja tu, wanachagua sauti zinazowapendeza, wanatunga maneno, basi imekwisha. Kwa kazi ndogo inatosha. Lakini hadithi yako ikiwa na watu waliokaa pamoja zamani alafu wakatawanyika, wengine wakabaki ufukweni na wengine wakaingia msituni, hapo utahitaji lugha ya mababu, yaani ile ambayo hakuna mhusika hata mmoja anayeisema leo lakini lugha zote zinazosemwa kwenye hadithi zimetoka humo.

Na mimi nasema hivi, mwongozo wote huu umesimama hapa: sauti za mababu usizichague kwa uzuri wake, zichague kwa alama zitakazoziacha zikishapotea. Sauti ambayo haitobadilika popote wala haitomgusa jirani yake, hiyo ni ya kujazia tu. Sauti yenye kazi ni ile inayokufa lakini kabla ya kufa inaigeuza herufi ya pembeni yake, na miaka mia kadhaa baadae mtu anaangalia lile neno anajiuliza hii imekuwaje.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe

Kabla hujashika kalamu tazama unachokisema kila siku, mana sisi wa Unguja na Pemba tumekalia darasa zima la mambo haya na wengi hatulioni.

Chukua neno ambalo hakuna Mzanzibari asiyelijua, mapinduzi. Linatokana na kupindua. Sasa kwenye pindua hamna z, hiyo z imetoka wapi? Hebu sema "imepinduliwa", hapo imechomoza l ambayo nayo kwenye pindua haipo. Jaribu mengine: chagua, chaguliwa, uchaguzi. Pokea, pokelewa, mapokezi. Tembea, tembelea, matembezi. Jua, julikana, mjuzi. Ni pale pale kila mara, kwanza l alafu z. Maelezo yake ni kwamba zamani hayo maneno yalikuwa na l mwisho wa shina, l ikaanguka neno likiwa peke yake, lakini ukiongeza kitu nyuma yake inarudi, na ikikutana na i ya namna fulani inageuka z. Kwahiyo l imekufa lakini bado inaonekana, na wewe umekuwa ukiitumia tangu utoto bila ya kufundishwa na mtu.

Nimesema i ya namna fulani, na hapa ndo penye utamu khasa. Tazama pika. Ukisema pikia, k imekaa salama. Ukisema mpishi, k imekuwa sh. Zote mbili leo ni i ile ile, ulimi uko pahala pamoja, sasa kwanini moja inaivunja k na nyengine haiigusi? Kwa sababu zamani hazikuwa i moja. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaona kwamba lugha ya kale iliyozaa lugha zote hizi ilikuwa na irabu saba, sio tano, na juu kabisa kulikuwa na i mbili: moja kali imebanwa sana, moja imelegea kidogo. Ile kali ndo iliyogeuza konsonanti zilizoitangulia, fuata ikatoa mfuasi, gomba ikatoa mgomvi, iba ikatoa mwizi, jenga ikatoa mjenzi. Baadae zile i mbili zikaungana Kiswahili kikabaki na irabu tano, lakini konsonanti zilikuwa zishabadilika hazikurudi tena. Mfano unaonipendeza kuliko yote ni lima na zima. Leo tofauti iko kwenye herufi ya mwanzo, lakini zamani mwanzo ulikuwa sawasawa na tofauti ilikuwa kwenye irabu. Irabu zimeungana, ule utofauti ukahamia kwa jirani.

Hayo yalianza kupangwa kitaalamu na Mjerumani Carl Meinhof kwenye kazi yake ya 1899, baadae Malcolm Guthrie akakusanya maneno ya lugha nyingi za Kibantu akayatoa kwa majuzuu kati ya 1967 na 1971. Huna haja ya kuyasoma yote kwa kazi ya kubuni. Ila ukiweza pata makamusi ya lahaja zetu yaliyotolewa na BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar: Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, uone jinsi visiwa viwili tu vilivyoweza kuachana kwa matamshi.

Vifaa, na faida ya kusoma chuoni

Daftari, simu ya kurikodia sauti, na jedwali la Excel au lolote la bure. Kuna programu za kubadilisha sauti ambazo unaziandikia sheria zako zinakupitishia maneno yote kwa pamoja, ni nzuri, lakini maneno thelathini ya mwanzo yapitishe kwa mkono, usipofanya hivyo hutojua kitu gani kimetokea wapi.

Alafu kuna elimu ambayo wengi wetu tunayo tayari. Uliyesoma chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, ulifundishwa makhraj, sauti inatoka wapi, na hesabu inayofundishwa zaidi ni makharij 17 ndani ya sehemu tano kubwa: uwazi wa kinywa na koo, koo lenyewe, ulimi, midomo, na puani. Hiyo ni fonetiki kamili jamani, yaani elimu ya sauti za lugha. Kubuni sauti kwa akili ni hivyo hivyo, unajiuliza inatokea wapi, pumzi imezuiwa kabisa au inapenya, na koo linatetemeka au halitetemeki. Mtu anayejua kutenganisha qaf na kaf kwa ulimi wake ameshapita nusu ya njia. Kwa kuandikia, wataalamu wanatumia alfabeti ya kimataifa ya fonetiki ambayo chama chake kilianza Paris mwaka 1886, jifunze alama zile unazozihitaji tu, lakini kwenye daftari lako andika kwa herufi unazoweza kuzipata kwenye simu.

Na kila neno la mababu liwekee nyota mbele yake. Ndo desturi, nyota mana yake neno hili hatujalisikia kwa mtu wala hatujalikuta limeandikwa, tumelifikia kwa hesabu. Kwako pia itakusaidia usichanganye mzee na mtoto, yaani neno la mababu na neno la lugha iliyotoka humo.

Konsonanti: panga kwa mistari, alafu toboa tundu

Sauti za lugha zinakaa kwa makundi. Lugha yenye p, t, k ikiwa na b basi kwa kawaida utaikuta na d pia, mana tabia moja inapita mdomoni kote. Kwahiyo usiokote sauti moja moja ovyo, panga mistari: midomo, meno, nyuma ya ulimi, koo.

Lakini mistari isikamilike. Lugha za kweli zina matundu na matundu yenyewe hayako ovyo. Kiarabu fasaha hakina p wala g, na hizo mbili ndo khasa zinazopenda kukosekana duniani, p upande wa sauti zisizotetemesha koo na g upande wa zinazotetemesha. Kiholanzi pia g ya kawaida hakina kwenye maneno yake ya asili. Ukitaka lugha yako ya mababu ionekane ya kweli kosesha kitu kimoja katika sehemu hizo.

Wingi wa sauti ni khiari yako. Kihawaii kinaendesha maisha kwa konsonanti 8 tu na irabu tano, na kule kusini mwa Afrika kuna lugha za vidoko zenye sauti nyingi mpaka msikilizaji mgeni anachoka. Ushauri wangu ni ukae kati, kumi mpaka kumi na tano, kwa sababu kila sauti utakayoiweka utalazimika kuipa hatima kwenye kila lugha ya mtoto.

Hizi ndo nitakazotumia mpaka mwisho wa mwongozo huu, unaweza kuzinakili uzichezee:

p, t, k, q
b, d
m, n
s
l, w, y

Tundu ni g, haipo. Na q ni ile qaf ya chuoni, nyuma kabisa ya ulimi. Hiyo nimeiweka kwa makusudi ife.

Kitu kimoja usifanye, usiwape mababu sauti zilizoletwa na wageni. Kiswahili leo kina th ya thelathini, dh ya dhahabu, gh ya ghali, lakini hizo zimekuja na maneno ya Kiarabu, mtu akizirudisha kwenye Kibantu cha kale amekosea kabisa. Hivyo hivyo kwenye hadithi yako, kama wafanyabiashara wamefika pwani juzi sauti zao hazina haki ya kukaa kwa mababu.

Irabu: weka zaidi ya utakazobakisha

Lugha nyingi sana duniani zina irabu tano kama zetu, na Kiarabu fasaha kinatosheka na tatu, a, i, u, fupi na ndefu. Kwa mababu mimi nazidisha. Sababu ushaiona kwenye lima na zima, irabu zikiwa nyingi zitaungana, zikiungana zitaacha alama kwa jirani, na kila mtoto anaweza kuziunganisha kwa namna yake.

Kwahiyo naweka saba: î, i, e, a, o, u, û. Zile zenye kofia ni kali, zimebanwa. Ukijaribu kuzitamka î na i mbele ya mtu na yeye akaziona sawa, vizuri sana, ndo sababu zitakuja kuungana. Zirikodi kwenye simu ujisikilize.

Silabi na mkazo

Hapa sitokaa sana. Amua silabi ya mababu inaruhusu nini. Kiswahili asili kinapenda silabi iishie na irabu, na ndo mana hata maneno ya kigeni tunayatilia irabu mwishoni, kitab ikawa kitabu. Kwa mababu naruhusu silabi ifungwe na n, l au q tu, basi. Mtoto mmoja atazivumilia mwengine atazivunja.

Mkazo au toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha mana ya neno, nao uamue mapema. Kiswahili kimepoteza toni za Kibantu kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati ndugu zetu wa karibu kama Kigiriama bado wana toni. Usidharau jambo hili, miaka ya 1870 Karl Verner wa Denmark aligundua kwamba mabadiliko fulani ya lugha za Kijerumani yaliyoonekana hayana mpango yalikuwa na sababu kwenye mahali mkazo ulipokaa zamani. Kama unaanza, weka mkazo pamoja pasipobadilika uhangaike na mengine kwanza.

Sheria za mabadiliko, na zipi zitangulie

Hii ndo kazi yenyewe, mengine yote yalikuwa matayarisho. Kuna wanazuoni vijana pale Leipzig miaka hiyo hiyo ya 1870 waliosimamia neno moja, kwamba sauti ikibadilika inabadilika kila pahala penye hali ile ile, haichagui neno. Kwenye lugha za kweli kuna maneno yanayoponyoka kwa sababu mbalimbali, kama kulala ambayo imebaki na l yake, lakini wewe anza na ukali huo. Sheria yako ikisema t inakuwa s mbele ya î basi iwe kote, hata kwenye lile neno unalolipenda.

Watoto wangu ni wawili. Wapwani wamebaki ufukweni, Wamsitu wamekwenda bara. Sheria za Kipwani kwa mpangilio:

1. Mbele ya î: p inakuwa f, t inakuwa s, k inakuwa sh, b inakuwa v, d na l zinakuwa z.
2. î inakuwa i, û inakuwa u.
3. q inakuwa h.

Na za Kimsitu:

1. a inayogusana na q, kabla au baada, inakuwa o.
2. q inaanguka, ikiwa ilikuwa mbele ya konsonanti, irabu iliyotangulia inarefuka.
3. p inakuwa h.
4. b katikati ya irabu inakuwa w.
5. i inakuwa e, u inakuwa o.
6. î inakuwa i, û inakuwa u.

Pitisha maneno sasa. Mababu walikuwa na *tîpa, samaki, na *tipa, mkuki. Kwa Wapwani samaki kwanza anakuwa sîpa alafu sipa, mkuki unabaki tipa. Kwa Wamsitu samaki ni tiha na mkuki ni teha. Unaona? Wote wawili wamepoteza ile î, lakini mmoja ameiweka kumbukumbu kwenye konsonanti na mwengine ameiweka kwenye irabu.

Sasa geuza mpangilio uone kinachotokea. Kipwani kikiunganisha irabu kwanza, *tîpa inakuwa tipa mapema, sheria ya kwanza ikifika haikuti î hata moja, haina pa kufanyia kazi, na samaki na mkuki wote wanakuwa tipa. Sheria ni zile zile, maneno ni yale yale, lugha nyengine kabisa. Kimsitu nacho ukitanguliza ya sita kabla ya tano, û inakuwa u alafu inakokotwa mpaka o pamoja na u ya asili, kila kitu kinaporomoka pahala pamoja. Ndo mana nasema sheria ziandike na namba na usizihamishe bila ya kupitisha maneno yote upya.

Mpangilio huo unauona hata kwetu. Ukisoma tenzi za Lamu au Mombasa unakuta mato kwa macho, nti kwa nchi, ndia kwa njia, ndaa kwa njaa. Mtu anaweza kudhani basi kila ch ya Unguja kwao ni t. Lakini chakula kwao ni chakula vilevile, sio takula. Kwanini? Kwa sababu ch ya chakula ni ki na a zilizoungana, ni ch ya baadae, haina uhusiano na ile ya macho. Sauti mbili zenye asili tofauti zimefika pahala pamoja huku kwetu, na lugha ya ndugu ndo inayokuambia ipi ni ipi. Ukiweza kupanga kitu kama hicho kwenye lugha zako za watoto, msomaji makini atafurahi mpaka basi.

Ile q iliyokufa

Rudi kwenye qaf. Mababu walisema *qalu, jiwe. Kipwani ni halu. Kimsitu, a imegusana na q ikawa o, q ikaanguka, u ikawa o, kwahiyo olo. *Maqa, mti: Kipwani maha, Kimsitu moo. *Saqti, chumvi: Kipwani sahti, Kimsitu soote. Mtu wa Msituni hana habari kama kulikuwa na q, ila anasema o pahala ambapo jirani yake wa pwani anasema a, na sio kila pahala, baadhi tu.

Hili si jambo la kujitungia tu, limetokea kweli na ni katika visa vinavyonisisimua kuliko vyote kwenye elimu ya lugha. Ferdinand de Saussure, kijana wa Uswisi wa miaka 21, alitoa kazi ya 1879 akasema lugha ya kale iliyozaa Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti na nyengine nyingi lazima ilikuwa na sauti fulani ambazo hazipo tena kwenye lugha yoyote inayojulikana, kwa sababu bila ya hizo irabu hazieleweki. Wengi hawakumkubali. Amefariki 1913. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný akatangaza kwamba ameisoma lugha ya Wahiti iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo huko Uturuki, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz wa Poland akaonyesha kwamba h ya vibao vile imekaa pale pale Saussure alipodai palikuwa na sauti. Saussure alihesabu kwa alama tu, na alama zikawa za kweli.

Kwahiyo kwenye hadithi yako unaweza kufanya hivyo hivyo: wape Wamsitu msomi wao anayehisi kuna kitu kimepotea, alafu baadae wagundue jiwe la zamani lenye maandishi, q ikiwa pale pale.

Wakati sauti zikigongana

Sauti zikiungana maneno yatafanana, usiogope. Mababu walikuwa na *dûna, nyumba, na *duna, usiku. Kimsitu kina duna na dona, hakuna shida. Kipwani vyote ni duna. Watu hawakai na neno moja kwa nyumba na usiku miaka yote, watafanya kitu. Wengine wataongeza neno: *lîmo, giza, kwa Wapwani ni zimo, kwahiyo usiku ukawa duna zimo na mwisho dunazimo neno moja. Wengine wataazima kwa wageni. Wengine watahama na neno la "jioni" wakalitanua. Chagua moja kwa kila mgongano na uandike sababu pembeni, mana hapo ndo lugha inapoanza kuwa na tabia ya watu wake.

Mabadiliko pia yanaingia kwenye sarufi. Mababu walikuwa na kiambishi *-î cha mtendaji. *Loba ni kuimba, *lobî mwimbaji. Wapwani leo wanasema loba na lovi, *soka na *sokî kwao ni soka na soshi, yaani kuvua na mvuvi, *pata na *patî ni pata na pasi, kuvuta na mvutaji. Wamsitu wanasema lowa na lowi, soka na soki, hata na hati. Mtoto wa pwani anajifunza kugeuza konsonanti bila ya kujua sababu, kama mtoto wa Wete anavyosema mpishi. Ukifika hapa usitunge sarufi ya watoto upya kichwani, acha sheria za sauti zikutungie, utapata vitu ambavyo usingevifikiria.

Maneno ya kuazima yanajulikana kwa kutobadilika. Kwetu l mbele ya ile i kali iligeuka z, lakini akili imeingia baadae na l yake ipo. Kwahiyo kama Wapwani wamepokea neno la wageni tino baada ya sheria ya kwanza kumaliza kazi, hata likiwa na i kali litabaki tino, na msomaji atajua bila ya kuambiwa kwamba wageni walichelewa kufika. Ndo namna ya kuweka tarehe kwenye lugha bila ya kuandika tarehe.

Majina ya pahala

Haya yatungwe kutoka lugha ya mababu moja kwa moja alafu yapitishwe kwenye sheria kama maneno mengine. Jiwe la samaki, *qalu na *tîpa: Wapwani wataliita Halusipa, Wamsitu Olotiha. Kwenye ramani ya gemu mchezaji ataona mji mmoja una majina mawili na baada ya majina matatu manne ataanza kuona mtindo, hata kama hajawahi kufikiria mambo ya sauti. Majina ya pahala pia yanachakaa kuliko maneno mengine, kwahiyo una ruhusa ya kuyafupisha, Halsipa, Oloti, mradi liwe baada ya sheria zote.

Jaribio la mwisho

Ukiwa na maneno kama hamsini, andika orodha ya Kipwani na Kimsitu tu, na mana zake, mababu wafiche. Mpe rafiki yako anayependa mafumbo, mkae barazani, muombe akutafutie maneno ya zamani. Mfundishe namna: apange maneno yenye mana moja sambamba, atafute sauti zinazokutana kila mara, s kwa t hapa, h kwa hakuna kitu pale, alafu aulize hali gani inazitenganisha. Ni njia ile ile inayotumika kwa neno letu mtu, omuntu ya Uganda, umuntu ya Wazulu, munhu ya Wasukuma na mundu ya Wakikuyu, na ukiyapanga hivyo unaona wazi sisi ndo tuliodondosha n.

Akipata kila kitu kwa nusu saa lugha zako hazijaachana vya kutosha, ongeza sheria moja moja kila upande. Asipopata hata samaki na mkuki umefuta alama nyingi mno, tafuta sheria iliyounganisha sauti mbili kwa watoto wote wawili na uiondoe kwa mmoja wao. Na akikuambia kuna sauti lazima ilikuwepo kwenye *qalu lakini hajui ni sauti gani, usimwambie bado, muachie orodha.